CRP 14 kwa mgonjwa wa skizofrenia mwenye dalili za usonji

Swali: Wakuu, mgonjwa ana skizofrenia, na alama za PANSS (kipimo cha ukali wa dalili za skizofrenia) zinaelekea usonji. CRP (kipimo cha damu cha inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ya mwili) ni 14 mg/L, MRI inaonyesha sehemu ya kijivu ya ubongo imepungua. Inflamesheni ndiyo chanzo cha ugonjwa?

Jibu 1: Usifike huko bado, mkuu. CRP ikizidi 10, tafuta kwanza maambukizi: meno, mkojo, kifua. Rudia kipimo baada ya wiki 2 hivi. Pima na kiuno. Unene na sigara hupandisha CRP, na olanzapini, dawa ya skizofrenia, hunenepesha. Dawa za miaka mingi nazo zinaweza kuchangia ubongo kupungua.

Jibu 2: Anatumia klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia? Inflamesheni hubana CYP1A2, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa hiyo, dawa inajaa kwenye damu: usingizi mzito, mate mengi, hata degedege. Akiwa ndani ya wiki 4 za mwanzo, pima troponini (kipimo cha damu cha madhara ya moyo) siku hiyohiyo, maana misuli ya moyo inaweza kuwa imeathirika.

Jibu 3: Hilo la usonji lisipite hivihivi. Kujitenga na uso usioonyesha hisia ni dalili za skizofrenia pia, na PANSS peke yake haitenganishi. Usonji huanza utotoni, hivyo muulize mama yake: kabla ya miaka 3 aliitikia jina? Alionyesha vitu kwa kidole? Kuhusu chanzo, mwaka 2016 jeni ya C4 ya mfumo wa kinga ilihusishwa na skizofrenia. Katika panya hushiriki kupogoa (kupunguza) viungio vya seli za neva. CRP haipimi hilo.