Dalali anasema wakili wake anatutosha sote: ninunue nyumba hii ya Matugga?

MamaTwaha_Owino

Salaam wote. Naomba ushauri, na nauomba upesi kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa.

Nauza mivumba, yaani mitumba, pale soko la Owino hapa Kampala, huu mwaka wa kumi na nne. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Juba, na ni Mkenya wa Busia ya ng'ambo. Tunapanga Kawempe, chumba na sebule, na watoto watatu. Mkubwa ameanza sekondari na bado analala sebuleni.

Mwezi jana dalali alinipeleka Matugga kuona nyumba. Vyumba vitatu, bati la rangi, tangi la maji, plasta ya nje ndiyo haijapigwa. Kiwanja ni futi 50 kwa 100. Wanataka milioni 120. Tuna milioni 95 benki, na inayobaki wamekubali tulipe kwa miezi sita.

Ardhi ni ya mailo, ile ya huku Buganda ambayo mwenye hati anaimiliki daima. Hati nimeonyeshwa fotokopi tu. Jina lililoandikwa ni la mzee aliyekwisha fariki. Anayeuza ni mwanawe wa kwanza, anasema ndugu zake wote wamekubali na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, atapiga muhuri. Dalali anataka milioni 10 za kuishika nyumba isiende kwa mwingine. Wakili wanaye wao, yuko mjini, atatuandikia makubaliano kwa laki tano na kila upande utoe nusu. Nikisema nitafute wangu, ananiuliza kwa nini nilipe mara mbili kwa kazi moja.

Ninataka kujua kama kweli huyo mmoja anatosha, na kama hatoshi, wakili wa kweli ninamjuaje? Halafu jambo linaloninyima usingizi: jina la mume wangu litaingia kwenye hati? Hela nyingi ni jasho lake.

SajiniMstaafu_Bombo

Dada, usitoe hata shilingi moja. Ijumaa hiyo ni ya dalali, si yako.

Nitakueleza yaliyonipata. Nilipostaafu jeshi mwaka 2012 nilinunua nusu eka upande wa Wobulenzi kwa milioni 18 za kiinua mgongo. Wakili alikuwa wa dalali, kama huyo wako. Alituandikia makubaliano mazuri, kurasa nne, mihuri mitatu. Hati ilikuwa halali na muuzaji alikuwa mwenyewe hasa. Nikaleta mafundi wachimbe msingi. Siku ya pili akatoka mama mmoja nyuma ya migomba, amebeba risiti za baba yake za busuulu, ile kodi anayolipwa mwenye ardhi, za tangu mimi sijaingia jeshini. Ile ardhi ilikuwa kibanja chao, yaani walikuwa na haki ya kukaa pale ingawa hati si yao.

Nilirudi kwa wakili. Mle ndani ya faili, mbele yangu, kulikuwa na nakala ya barua aliyomwandikia yule mama mwaka uliotangulia kumtaka ahame, kwa niaba ya muuzaji. Alijua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "Afande, hukuniuliza."

Na ukitazama vizuri, mteja wake hakuwa mimi. Mteja wake alikuwa yule aliyemletea kazi mwaka jana na atakayemletea mwakani. Mimi nilikuwa mpita njia mwenye nusu ya ada. Kwa hiyo dalali anapokuambia utalipa mara mbili kwa kazi moja, mjibu kwamba ni kazi mbili. Wakili wake anataka mauzo yaishe. Wako anatafuta sababu ya kukuzuia, na asipoipata ndipo mnaendelea.

Yule mama bado yuko pale na sina kinyongo naye. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa kwenye ardhi bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, na hata mwenye hati akibadilika haki yake haiondoki. Mimi nina hati ya ardhi nisiyoweza kulala juu yake.

Mara ya pili, nilipotaka hapa Bombo, nilikwenda kwa mawakili watatu kabla ya kumchagua mmoja. Wote niliwaomba cheti cha uwakili cha mwaka ule. Kile hutolewa upya kila mwaka, cha mwaka jana hakihesabiki, na ukitaka uhakika unaweza kuuliza Baraza la Sheria au Chama cha Mawakili. Mmoja alikasirika. Nilimshukuru nikaondoka. Wa pili nilipomuuliza kama amewahi kumfanyia kazi muuzaji au dalali alianza kuzunguka maneno. Wa tatu alinijibu hapana, akaniandikia hivyo kwenye barua, akataja ada yake yote na yaliyomo, kisha akaniuliza, "Mzee, tunakwenda lini kuiona hiyo ardhi?" Huyo ndiye niliyemlipa.

Nenda na wewe Matugga, bila dalali, jioni watu wakiwa nyumbani. Zunguka nyuma ya nyumba. Tazama kama kuna makaburi, migomba inayohudumiwa, mstari wa luwaanyi, mmea wa kuonyesha mipaka, unaokata kiwanja. Salimia wazee, kaa, waulize nani amekuwa akilima pale. Wakili mzuri atasoma rejista, lakini rejista haina migomba.

Na muhuri wa LC1: una faida yake, unaonyesha majirani wanajua. Ila mwenyekiti hana uwezo wa kumpa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu.

KijanaWaKyengera

Mnawatisha watu. Mimi nilinunua kwa makubaliano ya LC1 tu, bila wakili, mwaka wa nane huu na hakuna aliyenigusa.

SajiniMstaafu_Bombo

Mwanangu, nafurahi hujaguswa, na naomba iendelee hivyo. Lakini kama hujahamisha hati, kwenye rejista ardhi ile bado ni ya aliyekuuzia. Akifariki leo, watoto wake wataikuta kwa jina la baba yao. Nenda ukamalize kazi hiyo wakati anaweza kutia saini.

Karani_wa_Wandegeya

Mama Twaha, mimi si wakili, ni karani katika ofisi ya mawakili na mafaili ya namna hii hupita mezani kwangu kila wiki. Nianze na la mume wako kwa sababu najua ndilo linalouma.

Hapana, jina lake haliwezi kuingia kwenye hati ya mailo akiwa Mkenya. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi, aina nyingine ya ardhi ya kumiliki daima. Anaruhusiwa kukodi ardhi, lizi, isiyozidi miaka 99. Hiyo ni Katiba na Sheria ya Ardhi, na ndoa yenu haiibadilishi. Msikubali mtu awaambie "tutaweka tu, hakuna atakayeuliza." Ila msikate tamaa. Mtu aliyeoana na Mganda anaweza kuomba uraia, na uraia wa nchi mbili unaruhusiwa kwa masharti. Mwambieni wakili wazi kwamba hela ni za wote wawili, awashauri namna ya kuliandika hilo baina yenu. Tena kama mtaishi humo kama familia, sheria inadai mwenzi akubali kwa maandishi kabla nyumba haijauzwa au kuwekwa rehani, hata kama hati ina jina lako peke yako.

Sasa la marehemu. Mwana wa kwanza, hata awe mrithi aliyevikwa mbele ya ukoo, hana mamlaka ya kuuza mpaka awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kuzipata hupitia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, ambaye hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Kisha msimamizi mwenyewe ndiye anayeandikwa kwenye hati kwanza, halafu anakuhamishia wewe. Wakiwa wasimamizi watatu, watie saini watatu. Tazama na tarehe ya barua hizo, maana tangu Sheria ya Urithi irekebishwe mwaka 2022 zina muda wake. Na uliza mjane yuko wapi. Nimeona mauzo yakivunjika miezi minne baada ya malipo kwa sababu mama alikuwa kijijini na hakuna aliyemwambia.

Sachi ya hati, yaani kuichunguza kwenye rejista, mnaifanya kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi kule Wakiso, mkiwa na namba ya bloku na ya kiwanja. Ada yake ni ndogo. Jibu linatoka kwa maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna kaveati, yaani zuio la mtu anayedai haki juu ya ardhi. Usikubali jibu lililoletwa na dalali. Liende lichukuliwe na wakili wako au wewe mwenyewe.

Mkifika kwenye malipo, pitisha benki. Hizo za miezi sita zikilipwa kidogo kidogo, hati halisi na fomu za kuhamisha zilizokwisha kutiwa saini zikae kwa wakili mliyekubaliana kwa maandishi, siyo kwa dalali. Weka pia akiba ya ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani. Kwa milioni 120 ni milioni 1.8, lakini mthamini wa serikali ndiye anayesema thamani, na anaweza kutaja zaidi ya mlichopatana.

Mpima_Ardhi

Jambo dogo tu. Kabla ya kulipa, lipia mpima aliyesajiliwa akafungue mipaka, majirani wakiwepo. Mwaka jana nilifungua mipaka ya nyumba moja upande wa Kawanda, jiko na choo vyote vilikuwa kwa jirani. Aliyeijenga hakuwa na nia mbaya, alifuata ua uliokuwepo.

MamaTwaha_Owino

Wapendwa, nimerudi. Afande, Mungu akuweke.

Sikutoa ile milioni 10. Dalali alinipigia simu mara sita siku ya Ijumaa, akasema mnunuzi mwingine amekuja na hela mkononi. Niliogopa sana, nakiri. Nilikaa kwenye meza yangu ya mivumba nikashindwa hata kuwahesabia wateja chenji.

Jumatatu nilikwenda Wakiso na wakili niliyempata Wandegeya, mwanamke, cheti alinionyesha kabla sijamaliza kuuliza. Hati ni halali na bado ina jina la mzee. Barua za usimamizi hakuna aliyewahi kuziomba. Na kuna kaveati, imewekwa na binti wa marehemu.

Jioni nilikwenda Matugga peke yangu kama nilivyoelekezwa. Makaburi hakuna, wamezika kwao Luweero. Jirani, bibi anayeuza mihogo, ndiye aliyenipa namba ya yule binti. Nilimpigia nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza, kisha akaanza kulia. Alisema hakujua kwamba nyumba inauzwa. Hapingi kuuza, anataka mama yao atengewe sehemu yake kwanza.

Mume wangu nilimpata yuko Elegu, foleni ya mpakani. Nilimsomea kuhusu jina lake. Akasema, "Andika lako. Kuhusu uraia nitauliza nikirudi."

Jumamosi saa nne tunakutana ofisini kwa wakili wangu: binti, kaka zake wawili, na mama yao wanamleta kutoka Luweero. Wakikubali kwenda mahakamani kuomba barua, nitasubiri. Mwenye nyumba wa Kawempe nimemlipa miezi mitatu mbele.