Acheni kuita "ngome" mahali ambapo wengi hawakupiga kura

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitapika. Kila matokeo yakitangazwa kwenye kajumuiya kadogo, mnakimbilia kusema pale ni ngome ya chama fulani, hata jiwe likisimamishwa linapita. Ukiuliza waliojitokeza ni wangapi, kimya. Au unaambiwa una chuki.

Haya, tupige hesabu. Chukua mahali penye wapiga kura 400 walioandikishwa. Siku ya siku wanajitokeza 140, mshindi anapata 90. Kesho yake mnashangilia asilimia 64, na kwa kura zilizopigwa ni kweli. Lakini 90 kati ya 400 haifiki hata robo! Wale 260 waliobaki nyumbani nani aliwauliza wanaegemea wapi? Mmewahesabia mshindi kimyakimya, halafu mnatuambia "watu wa pale wote ni wetu". Wote gani?

Na hapo nimetumia daftari la wapiga kura tu. Wenye umri wa kupiga kura ambao hawakujiandikisha hawamo kabisa. Upande wa pili, daftari likiwa limejaa marehemu na waliohama, mwitikio unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kwa hiyo anayetupa asilimia hapa bila kusema kagawanya kwa namba ipi, huyo anapiga porojo.

Halafu kuna ule wimbo wa "kura yangu moja haibadili kitu". Huu ndio unaonipandisha presha zaidi, kwa sababu wanaouimba kwa sauti kubwa ni watu wa sehemu ndogo, ambako kura moja ina uzito kuliko popote! Zanzibar, Januari 1961: jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Moja. Kiti hicho wakakichukua ASP (Afro-Shirazi Party), wakatoka na viti 10, dhidi ya 9 vya ZNP na 3 vya ZPPP, vyama vingine vya wakati huo. Virginia, Marekani, mwaka 2017: wagombea wawili wa kiti kimoja cha bunge la jimbo hilo walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja, wakaishia kuchomolewa jina kwenye bakuli mwezi Januari uliofuata, na jina hilo ndilo lililoamua kama Republican wabaki na wingi bungeni au vyama viwili vigawane viti nusu kwa nusu. Kulikuwa na watu wangapi kwenye eneo lile waliolala siku ile wakisema haina haja?

Tena mtu asiniambie wakaaji wa sehemu ndogo wana mawazo ya aina moja. Dixville Notch, kijiji kidogo cha New Hampshire, Marekani, kinachopiga kura usiku wa manane, kwenye uchaguzi wa rais wa 2024 kilikuwa na wapiga kura sita tu. Matokeo: 3 kwa Harris, 3 kwa Trump. Watu sita wameshindwa kukubaliana, nyie mnaniambia mamia ya watu wana moyo mmoja?

Kinachofanya waonekane na moyo mmoja ni woga, na hili hamtaki kuligusa. Kituo kikiwa na wapiga kura wachache, kura zikahesabiwa palepale na matokeo yakabandikwa ukutani, siri inabaki wapi? Chama kisichopendwa kikipata kura nne, hadi jioni majina manne yameshatajwa, na pengine mawili kati ya hayo ni ya kusingiziwa. Anayejua atanyooshewa kidole anachagua njia rahisi: haendi. Mnaandika "hana mwamko". Ana mwamko sana, ndiyo maana kakaa nyumbani. Uingereza wanachanganya karatasi za masanduku tofauti kabla ya kuhesabu, ili isijulikane kituo gani kilimpa nani. Najua mtakuja na hoja kwamba kuhesabu kituoni kunazuia wizi njiani. Sawa, kunasaidia, sikatai. Lakini gharama yake anailipa yule mwenye kura ya peke yake, na hakuna anayemhesabu.

Vyama navyo visijitoe. Chama kikubwa hakifanyi kampeni kwa sababu "pale ni petu", cha upinzani nacho hakiweki mgombea kwa sababu "pale ni pao". Mtu anapita bila kupingwa, pengine kura hazipigwi kabisa, na miaka inayofuata mnatumia huohuo ushindi kama ushahidi wa msimamo wa wananchi!

Wale wa "watu wa hivi hawapendi tu siasa", Australia mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Mwaka 1924 kura ikafanywa ya lazima, na uchaguzi wa 1925 wakavuka 90. Watu ni walewale. Mimi sidai mtu alipishwe faini, ila msiniambie kutojitokeza ni tabia ya kuzaliwa nayo.

Sasa mje na namba: wenye umri wa kupiga kura, walioandikishwa, waliopiga, zilizoharibika, alizopata mshindi. Na mawakala wa vyama mliomo humu, mnaokaa kituoni mkijua fika nani kachagua nini, nanyi mje mtuambie habari hizo huwa mnampelekea nani.