Naomba ushauri: nyumba ya wapangaji wengi, maji ya kudeki tumwage wapi?

Mpangaji_Magomeni
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimepanga chumba Magomeni, nyumba za zamani zile, vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Kila asubuhi watu wanadeki, na maji yote yanamwagwa mbele ya baraza. Pale ni njia ya watu. Udongo umeshakuwa tope jeusi linalonuka, na ng'ambo yake kuna mama anakaanga vitumbua. Ameshalalamika, na kwa kweli ana haki.

Bafuni hatumwagi kwa sababu shimo la maji ya kuogea linajaa upesi, masika ndiyo usiseme, maji yanarudi juu. Choo ni cha kuchuchumaa, tunamwagia kwa ndoo. Mtaro wa barabarani upo, ila umeziba taka.

Naomba kujua maji haya yaende wapi. Na pia nianzeje kuwaambia wenzangu? Wengi ni watu wazima, nimewakuta hapo. Sitaki waone mgeni kaja na ujuaji.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, kabla ya kuuliza yaende wapi, punguzeni yanayoingia ndani. Watu wengi wanamwaga ndoo nzima sakafuni halafu wanasukuma na fagio mpaka nje. Huko ni kuosha, si kudeki. Fagia kwanza vizuri, korido na chini ya vitanda, mchanga uuzoe na kizoleo uende kwenye taka. Ukideki juu ya mchanga unatengeneza tope tu.

Halafu tumia ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia tambara. Kamua mpaka lisidondoshe, ndipo upitishe. Sakafu ya niru chumba cha kawaida, nusu ya ndoo ya lita 10 inatosha. Inakauka upesi, na bibi wa chumba cha pili hatateleza. Wazee wanavunjika nyonga kwenye korido hizi na watu wanachukulia ni bahati mbaya.

Fundi Bomba
Shangazi kamaliza nusu ya kazi. Nusu iliyobaki, dada: maji ya kudeki peleka chooni. Choo cha kumwagia kinahitaji kama lita 2 au 3 kila mtu akitoka, na maji hayo mnayachota au mnayanunua. Wekeni ndoo ya maji ya deki mlangoni mwa choo, ifunikwe, watu wamwagie hayo kwanza. Shimo halitapokea zaidi ya linavyopokea sasa, kwa kuwa mnabadilisha maji tu, hamuongezi.

Ila msimwage yakiwa yamekorogwa. Acheni yatulie, mchanga ukae chini, mmwage ya juu, tope la chini litupwe kwenye taka pamoja na nywele na nyuzi za tambara. Mabomba ninayozibua mengi ni mchanga na nywele vilivyogandana kwenye kona. Mafuta kidogo tu ya jikoni yakichanganyika hapo, pamekwisha.

Mkulima wa Uani
Mimi nyumbani namwagia mgomba na haujawahi kunilalamikia, unazaa. Kama uani kuna mti, kwa nini mjaze choo?

Fundi Bomba
Kaka, mgomba sawa kama ni maji na sabuni kidogo. Yakiwa na jik, hapana, yanachoma mizizi. Na mzungushe sehemu, msimwage palepale kila siku hadi pawe dimbwi. Mboga na nyanya za kula mbichi zisiguswe kabisa na maji hayo.

Afya ya Mtaa
Nawaomba mlichukulie dimbwi hilo kwa uzito. Maji machafu yaliyotuama ndiyo mazalio ya mbu aina ya Culex, anayependa mitaro na mashimo ya vyoo. Huyu ndiye anayeeneza vimelea vya matende na mabusha katika miji yetu ya pwani. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yalifunikwa kwa tabaka la chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, na wananchi wakapewa dawa. Mbu wakapungua sana, maambukizi yakashuka. Kwa hiyo mnapomwaga maji barazani mnamfugia mbu mtaa mzima, na watoto wanaochezea tope hilo wanarudi nalo mikononi kwenye chakula.

Kuhusu jik, dada yangu: si lazima kila siku, sabuni ya kawaida inatosha. Itumieni mtu akiwa anaharisha au kutapika. Na kwa kuwa maji yataishia chooni, msimwage maji ya jik juu ya dawa ya choo yenye tindikali. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na choo chenu ni chumba kidogo kisicho na dirisha kubwa. Kikohozi na macho kuwasha ni dalili ya kutoka mbio. Mkojo nao ukikutana na jik kali hutoa gesi mbaya, kwa hiyo mwagieni maji matupu kwanza.

Mpangaji_Magomeni
Asanteni sana, nimeelewa kuhusu choo. Mti uani hakuna. Bado hilo la wenzangu.

Shangazi wa Tanga
Usiitishe kikao. Kikao kinatafuta mkosaji. Nenda kwa yule mama mkubwa wa nyumba, kila nyumba ina mmoja anayesikilizwa, mwamkie, mwambie, "Mama, naomba tusaidiane, yule mwenye vitumbua anapata shida na tope letu." Akikubali yeye, mwachie alisemee mwenyewe. Wewe nunua ndoo yenye mfuniko uiweke chooni.

Afya ya Mtaa
Na mwenye nyumba aambiwe kuhusu shimo la bafuni, hilo ni lake, si la wapangaji. Akikaa kimya, nendeni serikali ya mtaa mkamwombe bwana afya aje aangalie. Mtaro ulioziba mtajeni hapohapo, msingoje masika. Dimbwi lililopo sasa likaushwe wiki hii: fukueni tope, jazeni kokoto na mchanga mkavu.