Nimemsomesha mpishi, kaniacha katikati ya msimu. Nimdai ada au niache?

Mama wa Rau (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya wageni hapa Moshi, upande wa Rau, vyumba 11, wafanyakazi 14. Wageni wangu wengi ni wapanda mlima Kilimanjaro. Wanalala kwangu siku mbili kabla ya kwenda Marangu au Machame, wakishuka wanarudi kuoga na kula. Mwaka juzi nilimpata kijana wa kuosha vyombo nikaona ana mkono wa jikoni. Nikamlipia kozi ya upishi kwenye chuo cha VETA cha hoteli na utalii pale Njiro, Arusha, na chumba cha kulala nikamlipia. Jumla 980,000. Aliporudi nikampa jiko.

Julai hii, nyumba imejaa, kanitumia meseji kwamba siku tatu zijazo anaondoka, amepata kazi kambi ya watalii Serengeti. Chai ya saa kumi na moja alfajiri ya wageni 19 nimepika mimi na shemeji yangu, ambaye ndiye meneja, ndiye anashika funguo za stoo na boksi la tipu.

Naomba kujua: nina haki ya kumdai ada yangu? Na ninyi wenye biashara mnawashikaje watu wazuri? Maana naona nasomeshea wenzangu.

Mzee wa Kaloleni
Pole sana mama. Nina gereji Arusha miaka 22. Kijana anakuja hajui spana namba 13 ni ipi, unamfundisha injini mpaka anaisikiliza kwa sikio, siku ya pili anafungua gereji mtaa wa nyuma na wateja wako anao kwenye simu. Vijana wa sasa shukrani hawana. Mdai, tena hadharani.

Chalii wa Sakina
Mimi nimekwama hapo kwenye boksi la tipu. Kwa nini linashikwa na shemeji?

Fupi Refu
Mwezi mmoja wa notisi hajatoa, kata mshahara wake wote wa mwisho, mchezo umeisha.

Karani wa Majengo
@Fupi Refu usimpeleke mama wa watu pabaya. Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28. Na mshahara hukati kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka makato yawe yameruhusiwa na sheria au amri halali, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali deni kwa maandishi. Mama, kabla hujampeleka Njiro mlisaini chochote? Hata karatasi moja kwamba akimaliza atakaa miaka miwili, na akiondoka kabla atarudisha kiasi fulani? Kama ipo, una pa kuanzia. Kama haipo, ulimpa zawadi, na zawadi haidaiwi. Ukimkata mshahara kiholela yeye ndiye atakayekupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi.

Mwongozaji mstaafu
@Mzee wa Kaloleni umesema shukrani. Machi 2020 wageni walipokata safari kwa corona, mimi na wenzangu tisa tuliitwa ofisini, tukaambiwa “nendeni nyumbani, sisi ni familia, tutawaita”. Miaka minane nilikuwa nimepanda na wageni wao, vidole viwili vya mguu havina hisia mpaka leo kwa baridi ya kileleni. Hakuna aliyetupigia hata kuuliza tunakula nini. Nililima nyanya Kahe miezi kumi na nne. Kazi iliporudi waliajiri wapya kwa malipo ya chini. Kwa hiyo mzee, hiyo shukrani niidaie wapi?

Mzee wa Kaloleni
Mimi sikukufukuza wewe. Gereji yangu 2020 haikufunga hata siku moja na kila mtu alikula. Usinichanganye na matajiri wako.

Mwongozaji mstaafu
Sijakutaja wewe. Umesema “vijana wa sasa”, na mimi nilikuwa kijana wa mtu.

Mama wa Rau
Nimewasoma wote. Karatasi hatukusaini, nilimwamini kama mwanangu. Ila naona watu wanarukia boksi. Tipu kwangu zinagawanywa kila mwisho wa mwezi, kila mtu anapata fungu lake, meneja mafungu mawili kwa sababu ana majukumu. Na msiseme sijali mafunzo. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, nalipa kila mwezi, asilimia 4.5 ya mishahara, inatoka mfukoni mwangu.

Chalii wa Sakina
Mafungu mawili! Mgeni ameacha dola kumi kwa sababu supu ya ndizi ilimkumbusha bibi yake, halafu meneja ambaye hakumenya hata ndizi moja anabeba mara mbili ya mpishi. Na ndiye anayehesabu. Mama, mpishi hakufuata Serengeti, alikimbia hilo boksi.

Karani wa Majengo
SDL ya 4.5 ni ya zamani, mama. Ilishuka ikawa 4, na Julai 2023 ikawa 3.5. Kama bado unalipa 4.5 muulize anayekuandalia hesabu.

Mama wa Rau
Anayeandaa ni shemeji. Nitamuuliza. Lakini naomba mumheshimu. Huyo ndiye aliyebaki na mimi 2020 bila mshahara miezi saba, akifagia vyumba ambavyo hakuna aliyelala. Mume wangu amefariki, watoto wako shule. Ningempa nani funguo? Mtu wa kuokota?

Binti wa Usa
Mama, “mtu wa kuokota” ndiye anayekupikia. Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja Arusha, sitaitaja. Nilienda likizo ya uzazi, siku 84 kama sheria inavyosema. Nimerudi nimekuta nafasi yangu ya mapokezi kapewa binamu wa meneja, mimi nimepelekwa kufua mashuka na kifua kinavuja maziwa. Hakuna aliyenifukuza. Niliondoka mwenyewe, na wao nao walilalamika kwamba wamenifundisha kompyuta.

Fupi Refu
Watu wa Moshi na ndugu zao hamtengani. Duka la ndugu, basi la ndugu, baa ya ndugu.

Mzee wa Kaloleni
Acha ukabila hapa. Wahindi, Waarabu, Wapare, wote wanaanza na ndugu. Ndugu hakuibii siku ya kwanza.

Sauti ya Njiro
Ndugu si tatizo. Tatizo ni pale ambapo hakuna wa kumlalamikia ndugu. Kaka yangu alikuwa dereva wa mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, pale Arusha kwenye kituo cha mikutano cha AICC, mpaka ilipofungwa Desemba 2015. Kila mwaka walikaa naye, wakaandika alichofanya vizuri na asichofanya, akasoma, akasaini, akiona ameonewa anaandika pembeni. Ilipofungwa aliondoka na cheti cha utumishi na kila karatasi yake, na ndani ya miezi miwili alikuwa na kazi. Mama, huyo kijana alipokuwa na jambo juu ya shemeji alimwambia nani? Wewe? Kwako ni shemeji!

Na jambo lingine. Lango la Marangu mzigo wa mpagazi unapimwa kwenye mizani, kilo 20, ukizidi hapandi. Mzigo wa mpishi nani anaupima? Chai saa kumi na moja alfajiri, chakula cha usiku saa tatu. Sheria ni saa 45 kwa wiki. Wewe piga hesabu ya kijana wako.

Mama wa Rau
Alishawahi kusema amechoka. Nikamwambia msimu ukiisha utapumzika.

Binti wa Usa
Tipu zake za Juni aliondoka nazo?

Chalii wa Sakina
Swali hilo.

Mama wa Rau
(baada ya siku mbili) Sijapotea, nilikuwa nashughulika. Juni haikugawanywa. Shemeji alisafiri kwenda msibani Same, akarudi kazi zimebana, ikapita. Leo mchana tumefungua mbele ya wafanyakazi wote, tumehesabu, mafungu sawa, na shemeji fungu moja. Alinuna lakini alihesabu. La kijana limetoka 71,500. Nimemtumia kwa simu. Ujumbe umesomwa, hajajibu.

Binti wa Usa
Funguo za boksi sasa nani anashika?

Mama wa Rau
Bado hatujakubaliana. Dada wa usafi anataka ziwe mbili, wa jikoni wanataka ipigwe kura.

Mzee wa Kaloleni
Sasa na ile 980,000 ya ada, unadai au umeacha? Mimi ndiyo nilikuwa nasubiri hiyo.