Mume wangu anakwenda kuwa mwangalizi wa UN, anataka maswali ya siri ya nyumbani. Ni ya nini?

Mama Ilham, Chake Chake

Assalaam alaykum. Naomba mwenye kujua anifahamishe, maana mwenyewe nikimuuliza ananicheka.

Mume wangu ni mwanajeshi, kapteni. Kapata nafasi ya kwenda kuwa mwangalizi wa kijeshi wa UN, nchi sitaji. Kabla ya safari kuna kozi, na ndani ya kozi kuna mafunzo ya mtu akitekwa afanyeje. Anavyonieleza, watasimamishwa njiani na watu wenye bunduki, watavishwa magunia kichwani, watafungwa mikono, watapigishwa magoti. Hayo nimeyameza. Juzi karudi na fomu, kanifuata jikoni nakuna nazi, ananambia: "Hebu nipe maswali mawili matatu ambayo jawabu lake tunalijua mie na wewe tu." Nikauliza ya nini, akasema ya ofisini. Ofisi gani hiyo inayotaka mambo ya ndani kwangu?

Mama mkwe kasikia habari za magunia, basi hali halali, kila usiku Yasini. Akisikia UN anawakumbuka vijana wetu waliouawa Kongo mwaka 2017. Je, haya mafunzo yanasaidia kweli au ni kuteswa bure? Na hayo maswali ni ya kazi gani?

Kijana wa Darajani

Muulize pesa ya kanga za Idi aliipeleka wapi. Jawabu hilo watekaji hawalipati hata wamning'inize 😂

Meja Mstaafu, Wete

Wa alaykum salaam mwanangu. Huyo kijana mwache, nitakujibu mie. Niliwahi kuvaa kofia ya buluu ya UN bila bunduki, na baadaye nikawa miongoni mwa wanaofundisha. Kwenye mazoezi hayo kazi yangu ilikuwa mtekaji. Sauti ninayo, wanangu wanaijua.

Mtulize mama kwanza. Wale waliouawa Semuliki, huko Kongo, Desemba 2017 walikuwa kikosi chenye silaha, kambini kwao, ndani ya operesheni iliyo na idhini ya kupigana. Mwangalizi ni mtu mwengine kabisa. Hana hata bastola. Wanakuwa wachache, kila mmoja katoka jeshi la nchi yake, wanazunguka na gari nyeupe na kuandika nani kasogeza mzinga wapi na nani kavunja makubaliano. Kazi hiyo ipo tangu 1948 kule Palestina na mpaka leo haijesha. Ngao yake ni kwamba pande zote zimekubali awepo. Siku upande mmoja ukiacha kukubali, hapo ndipo anapokuwa mali. (Hili la mwisho mama mkwe usimsomee.)

Yaliyowahi kutokea nakueleza wewe kwa sababu umeuliza kama yanasaidia. Februari 1988 kusini mwa Lebanon alichukuliwa luteni kanali wa Kimarekani, William Higgins, aliyekuwa mkuu wa waangalizi huko. Huyo hakurudi hai, mwili wake ulipatikana Desemba 1991. Mei 1995 Bosnia, ndege za NATO zilipopiga maghala ya silaha karibu na mji wa Pale, Waserbia waliwakamata watu wa UN kwa mamia, na baadhi ya waangalizi wakafungwa minyororo kwenye maghala na kuonyeshwa kwenye televisheni ili ndege zisirudi. Mei 2000 Sierra Leone waasi wa RUF walikamata kiasi cha mia tano, wengi wao Wazambia. Kule Kailahun Wahindi zaidi ya mia mbili walizingirwa pamoja na waangalizi 11 hadi operesheni ya kuwaokoa ya Julai. Halafu Golan, kati ya Syria na Israel: Machi 2013 walikamatwa Wafilipino 21, wakaachiwa baada ya siku chache na kutokea Jordan, na Wafiji 45 mwishoni mwa Agosti 2014, wakaachiwa Septemba.

Ukimwacha Higgins, waliorudi ni wengi mno kuliko wasiorudi, na waliorudi wengi wao walirudi kwa maneno. Mtu mbali na wao alikuwa akizungumza na mtu mwengine. Sasa kazi ya mateka ni nini? Ni kubaki mzima wa mwili na akili mpaka mazungumzo yeshe. Hicho ndicho anachofundishwa mumeo. Ushujaa haumo.

Nikwambie ninavyoona mie kutoka upande wa mtekaji. Tunaweka kizuizi njiani, mti umelala, vijana wanatoka vichakani wanapiga kelele na risasi za baridi. Dakika hizo za mwanzo ndizo za hatari, maana hata mtekaji mwenyewe anatetemeka, na kidole kipo pale. Mapandikizi ya watu, mabingwa wa mbio, ndio wanaofeli. Mmoja atapeleka mkono haraka kufungua mkanda wa gari, na kwa mwenye bunduki mkono unaoshuka kiunoni una maana moja tu. Mwengine ataanza: "Mimi ni ofisa wa UN, una haki gani?" Huyo namlaza chini papo hapo.

Kulikuwa na mmoja, mfupi, mpole, wala usingemtia maanani. Mikono juu ya usukani, vidole vimetanuka. Akasema polepole, "Nafungua mkanda, mkono wa kulia," ndipo akaufungua. Akatiwa gunia, akakaa kimya. Tulipomuuliza baadaye alitueleza gari lilipokata kona, lilipoacha lami, na kwamba tulipita penye mashine ya kusaga. Lakini lililonishinda ni jengine. Alipokwisha kukaa muda, alimwomba maji kijana mdogo kuliko wote katika sisi. Kijana akampa. Akamshukuru, akamuuliza, "Na wewe umekula?" Basi, zoezi lenyewe la kuigiza, lakini niliona taabu kumfokea tena. Na yule kijana kila nilipompa amri ya kumsukuma alikuwa akimsukuma kwa adabu.

Tunawafundisha hivyo: usiwe wa kwanza wala wa mwisho, usimkazie mtu macho, ukipewa chakula kula hata kama kichungu, osha uso ukipata maji, nyoosha viungo. Taja watoto wako. Siasa usiiguse. Kutoroka usijaribu ila uwe na hakika, maana wenzako wanaobaki ndio watakaolipia. Na wakija waokoaji, lala chini, mikono wazi, usikimbie wala usishike silaha iliyoanguka, maana wanaoingia hawakujui kwa sura.

Kuteswa hakumo. Kuna daktari pembeni, na kuna neno ambalo mtu yeyote akilitamka zoezi linasimama. Likesha tunavua magunia, tunakaa pamoja, kila mtu anasema alichohisi. Mkufunzi anayeruka sehemu hiyo ya mwisho mie simpeleki mwanangu kwake.

Sasa maswali yako. Mtu akitekwa, watatokea wengi wa kupiga simu na kudai wanaye, wengine matapeli tu. Anayezungumza kwa niaba ya UN anataka kujua mambo mawili: kweli wanaye, na kweli yu hai leo. Basi anawaambia, muulizeni kitu fulani. Jawabu likirudi sawasawa, yu hai. Ndiyo kazi yake. Chagua jambo lisilopatikana mtandaoni wala kwenye kitambulisho: tarehe ya kuzaliwa haifai, jina la mama halifai. Jawabu liwe neno moja au mawili, maana litapita midomoni mwa watu wasiojua Kiswahili, tena redioni. Liwe halina aibu. Na liwe la furaha, kwa sababu akiulizwa atajua hapo hapo kwamba swali limetoka kwako na kwamba watu wanamshughulikia. Mume akiulizwa jina la mbuzi aliyemtafunia daftari la skuli, hata gizani atacheka.

Ukishachagua, usiliandike hapa.

Nesi wa Mkoani

Meja kaeleza vizuri, mie naongeza la kiafya. Kitu cha mwanzo kinachompotea mtu aliyefungwa macho ni wakati. Hajui asubuhi wala jioni, na hapo akili huanza kuyumba. Muislamu ana bahati, sala tano zinamgawia siku hata kama anakadiria. Tena awaambie hao watekaji kama yeye ni Muislamu mwenzao, watamwonea imani.

Meja Mstaafu, Wete

Nesi, la sala nakubaliana nawe, na niliwahi kuliona likisaidia. Hilo la pili hapana. Hajui kashikwa na nani. Waislamu wanauana wenyewe kwa wenyewe katika nchi nyingi anazoweza kupelekwa, na akianza "mimi mwenzenu" ataulizwa wa madhehebu gani, kisha ataulizwa kwa nini anawafanyia kazi makafiri. Asali kimya kimya. Wakimwona, wamemwona. Mjadala asiuanzishe.

Nesi wa Mkoani

Hewala, sikulifikiria upande huo. Ila Mama Ilham, akirudi salama bila hata kutekwa, muangalie usingizi wake. Ukiona anashtuka mlango ukigongwa, muende spitali mapema, wala isiwe siri.

Mama Ilham, Chake Chake

Allah akujaalieni kheri nyote. Meja, nimepata maswali mawili, na moja lina mbuzi kweli, sijui ulijuaje. Nina jengine. Likitokea la kutokea, mie nifanye nini? Ami zake wameshaanza kusema watauza shamba la mikarafuu wamkomboe.

Meja Mstaafu, Wete

Shamba lisiuzwe. UN haina desturi ya kulipa kikomboleo, na familia ikianza kujadiliana pembeni bei inapanda na mazungumzo yanaharibika. Jeshi litakupa ofisa mmoja wa kuwasiliana nawe, chukua namba yake sasa kabla mume hajaondoka. Nyumbani achaguliwe mtu mmoja wa kupokea simu. Akipiga mtu usiyemjua, sikiliza, andika saa na maneno yake, usiahidi kitu, kisha mpigie ofisa. Waandishi wa habari waambie huna la kusema. Wao si wabaya, lakini watekaji nao wanasoma habari.

Karatasi za kukupa wewe ruhusa ya benki kwa niaba yake na za ada za watoto zitiwe saini kabla ya safari. Na hizo picha zake za sare ulizoziweka Facebook, pamoja na ile ya mlangoni kwenu yenye jina la duka nyuma, zitoe leo. Nimeziona mie, na mie si hodari wa kutafuta.

Kijana wa Darajani

Meja, hiyo kazi ya mtekaji wanaajiri raia? Sauti ninayo.