Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: wanaotibu kwa mazoezi, tupeane uzoefu

FizioMoshi: Wakuu, kuna aliyeuliza juu ya maumivu yanayotoka kiunoni, yanapita kalioni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Mara nyingi hiyo ni diski (mto laini kati ya mifupa ya mgongo) ya L4-L5 au L5-S1, yaani zile mbili za chini kabisa kiunoni, iliyotokeza nyuma ikabana mzizi wa neva. Cha kufuatilia kwanza ni maumivu yanahamia wapi, ukali wake unafuata baadaye. Mgonjwa alale kifudifudi dakika 2 au 3, ajiegemeze kwa viwiko kwa muda huohuo, kisha asukume sakafu kwa viganja mpaka kifua kiinuke, nyonga zibaki chini. Mara 10, kila baada ya saa 2 au 3 mchana. Maumivu yakitoka unyayoni yakarudi gotini, kisha kalioni, aendelee hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi. Yakizidi kushuka, aache. Wengi wanakosea kwa kukaza makalio, au wanafanya juu ya godoro la sponji linalodidimia.

BintiPangani: Mkeka ndio dawa. Na kwenye kiti, kanga ikunjwe iviringishwe inene kama mkono, iwekwe pale kiuno kinapoingia ndani.

MzeeWaPingili: FizioMoshi, usiwape wote zoezi hilo. Mzee wa miaka 70 ambaye mfereji wa uti wake umekuwa mwembamba, akitembea kidogo miguu inawaka, akikaa au akiinama anapata nafuu. Huyo ukimpinda nyuma unamzidishia. Yeye alale chali avute magoti kifuani.

FizioMoshi: Kweli mzee wangu. Ila kijana mwenye diski akivuta magoti asubuhi, diski imejaa maji ya usiku kucha, atajuta. Saa ya kwanza baada ya kuamka asiiname.

MkonoMzito: Mnasahau kuchua. Misuli iliyokaza hailegei kwa mazoezi peke yake.

MzeeWaPingili: Kuchua misuli sawa. Kukanyaga mgongo wa mtu na kumvunja pingili, hapana! Maumivu yasiyolala usiku, homa za jioni, jasho, kukonda: huyo apimwe TB ya mgongo kabla hajaguswa na mtu.

MkonoMzito: Hakuna aliyesema kukanyaga, mzee.

NesiWaZamu: Naomba mnisikilize kidogo, kuna jambo zito kuliko hayo. Kuna mgonjwa anayefika na maumivu ya miguu yote miwili, anaulizwa mgongo tu, anajibu mgongo tu. Ana ganzi sehemu za siri, mapajani kwa ndani na kuzunguka njia ya haja kubwa, lakini anaona aibu kusema mbele ya mkwe aliyemsindikiza. Hajakojoa tangu asubuhi, nyumbani wanadhani ni dawa za maumivu. Kibofu kimejaa na hasikii hamu. Hapo shada la neva chini ya uti limebanwa. Hakuna zoezi, hakuna mkanda, hakuna kungoja kliniki ya Jumatatu. Anahitaji MRI (picha ya ndani ya uti kwa sumaku) na upasuaji wa haraka, ndani ya saa 48, na kila saa inayopungua ni faida yake. Akichelewa anaweza kuishi na mpira wa mkojo maisha yake yote. Toeni ndugu nje, vuteni pazia, mwulizeni waziwazi: ukijifuta chooni, unasikia?

BintiPangani: Dada, asante. Hilo liandikwe mlangoni.

MkonoMzito: Na mguu unaolegea?

NesiWaZamu: Atembee kwa visigino. Akishindwa kuinua vidole, ni mzizi wa neva wa L5. Asimame mguu mmoja apande kwa vidole mara 10, akishindwa ni mzizi wa S1. Udhaifu unaoongezeka ni wa hospitali leo.

FizioMoshi: Zoezi la kutelezesha neva: akae kwenye kiti kirefu, anyooshe goti huku akiinua kichwa, akunje goti huku akiinamisha kichwa. Mara 10 taratibu. Akinyoosha goti na kuinamisha kichwa kwa pamoja anaivuta neva ncha zote mbili, na kesho yake mguu unawaka.

BintiPangani: Shingo je, inayotuma ganzi mkononi?

MzeeWaPingili: Kidevu kirudi nyuma bila kuinama, sekunde 5, mara 10. Akiweka mkono juu ya kichwa akapata nafuu, ni mzizi wa neva ya shingo. Lakini akianza kuangusha vitu na miguu kuyumba, aache zoezi, akaonwe na daktari.