Kaanza ARV, alama zimezidi badala ya kupungua. Tuache dawa?

Kubadhi Moja: Assalaam aleikum wana jamvi. Niko Lamu, mtaa siutaji, kisiwa ni kidogo na midomo ni mingi. Ndugu yangu alipimwa akakutwa na virusi, CD4, yaani chembe za kinga, chini ya 100. Alikuwa na alama tatu za zambarau unyayoni, tukadhani ni michubuko ya mashuani. Sasa yuko wiki ya sita ya ARV. Mwanzo alinawiri, hata wali akawa anaongeza. Ghafla zile alama zikafura, nyingine zikatoka mapajani, na moja kaakaani, nyeusi kama zabibu. Mguu wa kushoto umevimba, kubadhi halimwingii. Mama ashikilia kuwa dawa ndiyo inayomla, tuitupe. Jana muuza dawa kampa prednisoloni ya kushusha uvimbe, kameza mbili.

Mwani: Shubiri na mwarobaini, wiki moja tu. Hizo za hospitali ni biashara.

Tabibu wa Zamu: Mwani, shubiri baki nayo wewe. Kubadhi, simpimi mtu kwa simu, ila unayoyasema yanafanana na Kaposi. Ni saratani inayoletwa na kirusi kingine, HHV-8, kilichogunduliwa 1994. ARV hazikuileta, ilikuwamo. Kinga ilikuwa imelala. Virusi vya ukimwi viliposhuka ikaamka kwa kishindo, na pale ilipokuta adui pakawaka. Twaita IRIS, mara nyingi ni miezi mitatu ya mwanzo. ARV asiache. Hiyo prednisoloni ndiyo inayonitisha: mwenye TB daktari aweza kumpa, lakini Kaposi huchochewa nayo. Asiongeze kidonge, na daktari aambiwe kuwa amemeza. Akatwe kinyama kipimwe, na makohozi pia, maana TB nayo hufanya mchezo huu huu.

Babu Barani: Mimi ni wa Malindi, yalinipata. Mguu ulikuwa gogo. Nilitundikiwa kemo, dawa ya saratani iitwayo paklitakseli, huku ARV nameza kama kawaida. Nywele zilikwenda na vidole vikafa ganzi, sitakuficha. Mguu ulinywea polepole, mno polepole. Madoa yalibaki ya kahawia. Hakikisheni SHA yake, bima ya afya ya serikali, imelipiwa kabla hamjafika dirishani, nilipoteza siku nzima hapo.

Kubadhi Moja: Ahsanteni. Nimesahau kusema, tangu juzi anakohoa. Leo kwenye leso kulikuwa na damu kidogo, na akipanda ngazi apumua kwa shida.

Tabibu wa Zamu: Hilo ndilo ulikuwa uanze nalo! Kaposi huingia mapafuni. Usingoje kuche. Mpeleke hospitali ya King Fahd hapo Lamu sasa hivi, apigwe picha ya kifua, na mchukue dawa zake zote, hata za dukani.

Kubadhi Moja: Tuko hospitali. Kawekewa oksijeni. Picha yaonyesha maji upande wa kulia, wanayavuta usiku huu, kisha wapange safari ya Mombasa. Prednisoloni nimewaonyesha. Mama yuko nasi, kakaa na mfuko wa ARV mapajani, hajasema neno.